Lebo za Wasomaji na Elimu ya Kujisomea, 2003–2019

Tangu Melvil Dewey alipotoa mpango wake wa kuainisha vitabu mwaka 1876, msomaji wa maktaba amezoea kukuta kila kitu kimekwisha kupangiwa mahali pake. Katika mpango huo, kama unavyotumika hivi leo, Kiingereza kina fungu zima la 420, ilhali lugha za Afrika zimebanwa pamoja katika 496, na Kiswahili hakina budi kutafutwa mbele ya nukta: 496.392. Mwenye kusoma hakuulizwa.

Mwaka 2003 Mmarekani Joshua Schachter alianzisha del.icio.us, mahali katika intaneti ambapo mtu aliweka anwani za kurasa alizotaka kuzirudia, akazibandika lebo kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe. Mwaka 2004 Thomas Vander Wal aliuita utaratibu huo folksonomia, yaani uainishaji wa umma. Na mwaka uo huo Richard Cameron akaanzisha CiteULike, iliyokusudiwa makala za kitaaluma.

Malcolm Knowles alikwisha kueleza, mwaka 1975, kwamba anayejiongoza katika kujifunza hutafuta watu na vitu vya kumsaidia. Maktaba ilimpa vitu. Lebo zilimpa na watu pia, kwa kuwa aliyebonyeza neno alilolitumia aliona ni nani wengine walilitumia, na aliweza kuifuata akiba ya mmoja wao hadi kwenye mada ambazo hakujua kuziulizia. Hapa ndipo ilipokuwa faida kubwa ya utaratibu huu, wala haikutokana na usahihi wa lebo. Scott Golder na Bernardo Huberman, waliouchunguza mwaka 2005, walikuta lebo nyingine zikimhusu mwenyewe tu, kama ile ya kumkumbusha jambo la kusoma baadaye. Hata hivyo waligundua kuwa ukurasa ukishahifadhiwa na watu wapatao 100, uwiano wa lebo zake hutulia. Mgeni wa somo alipata hivyo msamiati wa kuanzia, ingawa ulikuwa msamiati wa walio wengi.

Na walio wengi waliandika Kiingereza. Katika del.icio.us nafasi kati ya maneno ndiyo iliyotenga lebo. Aliyeandika «fasihi ya watoto» alijikuta ana lebo tatu, mojawapo ikiwa «ya», isipokuwa ameyaunganisha maneno hayo. Aidha, umoja na wingi wa Kiingereza hutofautiana zaidi mwishoni mwa neno, kwa hiyo hukaa jirani katika orodha ya alfabeti. Ngeli za Kiswahili huvitenganisha: «mwalimu» huenda kwenye M, «walimu» kwenye W. Kasoro hii haikuwa ya lugha, bali ya chombo kilichodhani kwamba neno hubadilika mkiani.

Yahoo iliinunua del.icio.us mwaka 2005. Baada ya kupita mikono kadhaa ikanunuliwa na Pinboard mwaka 2017, na kupokea anwani mpya kukakoma. Connotea, iliyokuwa ya wachapishaji wa jarida la Nature, ilifungwa mwaka 2013, na CiteULike mwaka 2019. Mwanachama wa CiteULike aliyewahi alihamisha orodha yake mwenyewe. Orodha za wale aliokuwa akiwafuata zilibaki nyuma.