Kipande, Kamisheni na Tumbo la Mtoto

Juma lililopita msikilizaji mmoja, dalali wa mazao hapa Morogoro mjini, alinisimamisha njiani akaniuliza swali ambalo halijanitoka tangu siku ile. Alisema: "Kaka, mimi sina mshahara. Nikiuza mzigo wa watu napata cha juu, nisipouza nalala hivyo hivyo. Mama wa mwanangu anataka nitoe matunzo kila mwezi. Hiyo ya kila mwezi nitaitoa wapi?"

Ndugu msomaji, usiharakishe kumcheka wala kumlaani. Wako wengi kama yeye. Yuko kijana wa bodaboda ambaye lazima kwanza apeleke hesabu kwa tajiri, yuko konda wa deiwaka, yuko wakala anayelipwa kwa asilimia ya alichouza. Wote hawa wana watoto, na wote hawajui mwisho wa mwezi utawakuta na nini mfukoni. Lakini swali lao si jipya. Mji huu na milima inayoutazama vimeishi nalo kwa zaidi ya miaka mia moja, na historia yake ina jibu kwa anayetaka kusikia.

Tuanzie huko juu, Uluguru. Kwa mila za Waluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na ardhi nayo ilikuwa ya ukoo. Mwanamke alikuwa na shamba kwa haki ya ukoo wake, si kwa hisani ya mumewe. Mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, na hata cheo cha Kingalu kule Kinole kilirithiwa kwa upande wa mama. Baba hakuwa mtu wa pembeni. Alilima, na aliweza hata kuwapa watoto wake mahali pa kulima wakati wa uhai wake. Ila ndoa ilipovunjika, au baba aliposafiri asirudi, mtoto hakulala njaa kwa sababu hiyo. Alikula kutoka shamba la mama yake.

Angalia sana jambo hili. Shamba nalo halina mshahara. Mwaka mmoja mahindi hukubali, mwaka mwingine hukataa. Lakini mteremko wa mashariki ya Uluguru hupata mvua za vuli na za masika, na mgomba hauchagui mwezi. Leo unakata mkungu huu, baada ya muda unakata ule, na katikati yake uko muhogo ardhini. Mapato ya shamba yalipanda na kushuka, ila hayakukoma kabisa. Hayo ndiyo yaliyokuwa matunzo ya mtoto wa Kiluguru kabla neno lenyewe halijaingia mahakamani.

Kisha zikaja fedha. Serikali ya Wajerumani ilitoza kodi, na kodi haikulipwa kwa ndizi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na huku chini tambarare mashamba ya mkonge yakapanuka. Wanaume wakaanza kuteremka kutafuta fedha ya kodi na ya nguo. Waliotoka mbali kwa mikataba waliitwa manamba. Mluguru, aliyekuwa na shamba karibu, alipendelea kazi ya muda mfupi, ya kipande.

Vijana wa leo huenda hawajui kipande ni nini. Kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Siku hizo hazikuwa lazima zifuatane. Enzi za Mwingereza mfanyakazi alipewa muda wa wiki kama sita kuzikamilisha. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, kadi yake iliandikwa. Siku aliyougua, au aliyoshindwa kutimiza kipimo, haikuhesabiwa. Mshahara wake ulitoka kadi ilipojaa, wala si mwezi ulipokwisha.

Basi huyo ndiye babu wa dalali wetu. Naye hakujua atalipwa lini. Naye angeweza kusema, "Hiyo ya kila mwezi nitaitoa wapi?" Tofauti ni kwamba hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa watoto walikuwa wamebaki mlimani, kwenye shamba la ukoo. Fedha ya kipande ilikuwa ya kodi, nguo na chumvi. Chakula kilitoka kwa mama. Mwenye mashamba ya mkonge aliweza kulipa ujira mdogo kwa sababu hiyo hiyo: kazi ya kuwalisha watoto wa mfanyakazi ilikuwa ikifanywa na mtu mwingine, bila malipo.

Watu walijua thamani ya shamba hilo. Katika miaka ya 1950 Mwingereza alipoleta mpango wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, wananchi waliukataa. Mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, na mpango ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi, za kazi ya lazima na za siasa. Lakini aliyegusa shamba milimani alikuwa amegusa sufuria ya watoto, na hilo halikuhitaji mwanasiasa wa kulifafanua.

Baada ya Uhuru shamba hilo lilianza kutoweka katika maisha ya wengi, polepole, bila ghasia. Miaka ya 1960 serikali ilianzisha miradi ya makazi. James Brain, mtaalamu aliyewachunguza Waluguru, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1976 jinsi wanawake walivyopoteza nafasi yao katika miradi hiyo, kwa kuwa malipo ya mazao yalipitia mikononi mwa mume. Kule mlimani mke alikuwa na chake. Huku mradini alingoja kupewa. Na waliohamia mjini moja kwa moja walipoteza zaidi. Chumba cha kupanga hakina mgomba nyuma yake.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake wadogo, wakae naye au wakae kwa mtu mwingine, kwa malazi, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake ya maisha. Maneno hayo, kadiri ya uwezo, ni mazito, nami nitayarudia.

Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa mambo yalikuwa mengine. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, lakini sheria iliyorithiwa kutoka kwa Mwingereza haikuwasikia. Iliweka kikomo: baba asiagizwe kutoa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi ikashuka thamani mwaka hadi mwaka, kikomo kikabaki pale pale. Ilipofutwa mwaka 2009, shilingi 100 haikununua hata robo kilo ya sukari. Tazama hasara ya kuandika kiasi cha fedha na kusahau tumbo linalolishwa!

Katikati ya hayo Morogoro iliota ndoto ya mshahara. Katika miaka ya 1970 na 1980 mji ulijengewa viwanda vya viatu, ngozi, turubai na nguo. Kile cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza nyingi kati ya hizo Ulaya. Mwenye ajira ya namna hiyo alikuwa na tarehe ya malipo na karani wa mishahara, na mahakama ikimtaka atoe matunzo, ilijua pa kumpata. Lakini kiwanda hicho hakikukaribia hata kidogo kiwango kilichokusudiwa, na kufikia mwaka 1990 kilikuwa kimefungwa. Vingine navyo viliyumba. Waliopunguzwa kazi wakaingia sokoni, wakaingia katika udalali, wakaingia barabarani. Tukarudi kwenye kipande, ila safari hii bila kadi.

Ndugu msomaji, sasa unaona dalali wetu amesimama wapi. Mapato yake ni ya babu yake wa mkonge, yanayokuja yanapotaka. Lakini mtoto wake si wa kule mlimani. Anakaa mjini, ananunuliwa kila kitu, kuanzia maji hadi mkaa. Lile shamba lililokuwa likimlisha mtoto wakati baba anangoja kadi ijae halipo tena. Fedha ya baba, pamoja na ya mama, ndiyo shamba lenyewe. Kwa hiyo anaposema "mwezi huu sikupata", anasema kweli, lakini hajajibu swali. Tumbo la mtoto halisomi kalenda ya kamisheni.

Je, sheria ya leo inamwonea? La hasha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyofuta ile ya shilingi 100, inaitaka mahakama, kabla ya kuamuru matunzo, itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wa kuchuma, mzigo wa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Amri iliyotolewa nayo yaweza kubadilishwa hali ikibadilika. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa mwenye kipato cha kupanda na kushuka. Tatizo ni kwamba wengi hawaupiti. Mwezi ukiwa mbaya huzima simu. Anayezima simu hajaomba nafuu, amekimbia.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme dalali amepata shilingi 2,400,000 kwa mwaka mzima. Wastani wake ni 200,000 kwa mwezi, ingawa hakuna mwezi alioziona 200,000 kamili. Tuseme amekubaliana na mama wa mtoto kwamba fungu la mtoto ni moja ya tano. Hiyo ni 480,000 kwa mwaka, yaani 40,000 kila mwezi. Msimu wa neema akipata 500,000, fungu la mtoto ni 100,000: anatuma 40,000 na kuweka akiba 60,000. Mwezi wa ukame akipata 50,000, fungu ni 10,000: anachukua 30,000 kwenye akiba, na mtoto anapata 40,000 yake kama kawaida. Mtoto hajui kwamba baba alikuwa na mwezi mbaya, wala hapaswi kujua.

Siri ya hesabu hii ni moja: fungu la mtoto hutolewa siku fedha inapoingia, kabla ya kreti ya soda na kabla ya kuwakopesha marafiki. Zamani mtu angeweza kusema hana njia ya kutuma kidogo kidogo. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoingia nchini na nyingine zikafuata, udhuru huo umekufa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kina jina la mtoto.

Kwa akina mama nina neno moja. Anayeleta 10,000 leo na 15,000 wiki ijayo, akieleza hali yake bila kuficha, si sawa na anayejificha. Andikeni kila kinachopokelewa, nyote wawili mkione. Mkishindwana, iko ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kufika mahakamani.

Nami nilimjibu hivi yule dalali pale njiani. Nilimwambia babu zetu walijaza kipande siku kwa siku, na siku isiyofanyiwa kazi haikuandikwa. Mtoto naye ana kipande chake, ambacho hakina wiki sita wala siku 30. Huandikwa kila jioni, kwa chakula alichokula au alichokosa, na siku moja atakuwa mkubwa wa kukisoma mwenyewe. Alikaa kimya, kisha akaniuliza ile moja ya tano inahesabiwaje. Tukachuchumaa kando ya barabara, nikaichora mavumbini kwa kijiti.