Mali bila daftari: nyimbo za Mississippi zilivyookolewa

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo kwa ajili ya biashara. Lakini mali ya ukoo si mbuzi na nguo tu. Nyimbo za kulimia, nyimbo za kulilia wafu, namna ya kupiga ngoma, hadithi za jioni: hizo pia ni mali, nazo hupotea upesi kuliko mbuzi, kwa sababu hazina zizi.

Leo twataka kuwasimulia habari za watu maskini ambao mali yao ya namna hiyo ilikaribia kupotea, kisha ikaokolewa. Ni watu weusi wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mali yao ni muziki uitwao bluzi, pamoja na filimbi na ngoma za vijiji vyao. Tutaona nani waliiokoa, na daftari liliwasaidia mpaka wapi.

Nchi ya pamba

Upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo hilo kuna nchi tambarare, kati ya mto Mississippi na mto Yazoo. Wenyeji huiita Delta, ingawa iko mbali na bahari. Mafuriko ya miaka mingi yaliacha pale udongo mweusi wenye rutuba, na pamba ilistawi ajabu.

Utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote mwaka 1865. Lakini watu walioachwa huru hawakupewa ardhi. Basi wengi walibaki katika mashamba yale yale kwa mapatano mapya: mwenye shamba alitoa ardhi, nyumbu na mbegu, mlimaji alitoa jasho lake na la watoto wake. Mwisho wa mavuno waligawana pamba. Kisha mwenye shamba alikata deni la unga, nguo na dawa zilizochukuliwa dukani kwake. Mara nyingi mlimaji hakubakiwa na kitu, au alianza mwaka mpya akiwa na deni. Angalieni: daftari lilikuwapo, lakini lilikuwa mkononi mwa tajiri. Wazee wetu waliolimishwa pamba kwa lazima wakati wa Wabelgiji wangeielewa habari hii bila kufafanuliwa.

Ngoma iliyokatazwa

Watu hao walitoka wapi na muziki wao? Babu zao walichukuliwa Afrika, na wengi kati yao walitoka katika nchi za Kongo na Angola. Tukumbuke jambo moja. Tarehe 9 Septemba 1739, siku ya Mungu, watumwa wa South Carolina waliasi karibu na mto Stono, wakaenda njiani wakipiga ngoma. Wanahistoria wanafikiri kwamba wengi wa waasi hao walitoka katika ufalme wa Kongo, na ya kuwa walikuwa Wakristu Wakatoliki tangu kwao. Uasi ulizimwa kwa damu. Mwaka uliofuata, 1740, sheria ya nchi ile iliwakataza watumwa kuwa na ngoma na baragumu, kwa maana wakubwa waliogopa sauti iwezayo kuwaita watu pamoja.

Mahali pengi, basi, ngoma ilinyamazishwa. Lakini mtu aliyenyang'anywa ngoma bado ana mikono, miguu na koo. Walipiga makofi, walikanyaga ubao wa sakafu, waliimba shambani mmoja akiita na wengine wakiitikia. Watoto walichukua waya wa ufagio, wakaupigilia misumari ukutani mwa nyumba, wakaukaza kwa chupa, wakaupiga kwa kidole. Uzi mmoja tu! Mwenye kuvijua vinanda vya uzi mmoja vya Afrika ataona mara moja ni ndugu yao.

Wimbo wenye mistari mitatu

Kutokana na hayo yote, karibu na mwaka 1900, ilizaliwa bluzi. Namna yake ni nyepesi. Mwimbaji huimba mstari mmoja, huurudia, kisha mstari wa tatu huwajibu ile miwili. Baada ya kila mstari gitaa hujibu kama mtu wa pili. Maneno yake ni ya maisha: deni, mafuriko, safari, mke aliyeondoka, gereza. Mwanamuziki W. C. Handy alisimulia kwamba, karibu mwaka 1903, alipokuwa akingoja gari la moshi katika kituo cha Tutwiler, alimwona mtu mwenye nguo zilizochakaa akipiga gitaa huku akibonyeza nyuzi kwa kisu. Handy alikuwa amesoma muziki wa nota, lakini alikiri kwamba hajapata kusikia kitu kama kile.

Wahubiri wengi waliuchukia muziki huo, wakauita muziki wa shetani, maana uliimbwa kwenye nyumba za pombe. Lakini watu walikuwa wale wale: Jumamosi katika ngoma, Jumapili kanisani. Thomas A. Dorsey, mpiga kinanda wa bluzi, alifiwa na mkewe na mtoto mchanga mwaka 1932. Tangu hapo alizidi kutunga nyimbo za Mungu, na makanisa ya watu weusi wa Marekani yanamhesabu kuwa baba wa uimbaji wao mpya. Hakutupa muziki wake wa zamani: aliuingiza kanisani.

Waliokwenda kuuliza

Watu wengi wenye elimu hawakuziona nyimbo hizo kuwa kitu. Makampuni ya sahani za gramafoni yalizichukua, kwa kuwa ziliuzika, na waimbaji walipata fedha kidogo tu. Mwaka 1928 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua chumba cha kuweka nyimbo za wananchi. Hilo nalo lilikuwa daftari.

Mwaka 1941 na 1942 watu wa Maktaba hiyo walishirikiana na Chuo Kikuu cha Fisk, ambacho ni chuo cha watu weusi, wakafika Delta katika wilaya ya Coahoma. Kati yao walikuwa Alan Lomax wa Maktaba na John Work, mwalimu wa muziki wa Fisk. Walibeba katika motakaa chombo kizito cha kunasa sauti. Mwezi wa Agosti 1941, katika shamba la Stovall, walimnasa mlimaji kijana, McKinley Morganfield, aliyejulikana kwa jina la utani Muddy Waters. Kijana alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika sahani, akaona kwamba yeye naye aweza kuwa mwimbaji. Mwaka 1943 alipanda gari la moshi kwenda Chicago, na kutoka huko sauti yake ilifika dunia nzima.

Sahani zilihifadhiwa vizuri. Lakini maandiko ya John Work na wenzake wa Fisk, yaliyoeleza maisha ya watu wale, yalipotezwa kati ya ofisi na kabati. Yalichapishwa mwaka 2005 tu, Work mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Kumbe hata daftari lapotea, lisipokuwa na mlinzi.

Mzee aliyepatikana kwa wimbo wake

Katika kijiji cha Avalon, pembeni mwa Delta, alikaa mkulima mmoja, John Hurt. Alipiga gitaa kwa vidole, taratibu na kwa upole, kidole gumba kikishika mwendo kama ngoma ndogo. Mwaka 1928 kampuni moja ya sahani ilimwita Memphis, halafu New York. Sahani zake hazikuuzwa sana. Mwaka 1929 fedha ya dunia ikaanguka, naye akarudi kwa ng'ombe na jembe. Alibaki hapo miaka thelathini na mitano hivi. Wapenzi wa sahani za zamani walidhani amekufa.

Mwaka 1963 kijana mmoja, Tom Hoskins, alisikiliza sahani ya kale ambamo Hurt aliimba kwamba kwao ni Avalon. Akatafuta jina hilo katika ramani, akaenda, akauliza dukani, akaonyeshwa nyumba. Inasimuliwa kwamba mzee alipomwona Mzungu mgeni mlangoni aliogopa, akidhani ni polisi. Alikuwa na miaka sabini hivi, wala hakuwa na gitaa lake mwenyewe. Akapewa gitaa; vidole vilikuwa havijasahau. Mwaka ule ule aliimba mbele ya umati katika mkutano mkubwa wa muziki wa wananchi, mjini Newport. Alikufa mwaka 1966. Miaka mitatu tu ilibaki! Kama yule kijana angalichelewa kidogo, angaliliona kaburi.

Nyumba, vibao na moto

Baadaye wenyeji wenyewe waliamka. Mwaka 1978, karibu na Greenville, chama cha kuwainua maskini wa Delta kilianzisha sikukuu ya bluzi ya kila mwaka. Mwaka 1979 mkubwa wa maktaba ya mji wa Clarksdale, Sid Graves, alianzisha nyumba ya makumbusho ya bluzi. Hapo leo mtazamaji aona mabaki ya kibanda cha Muddy Waters, kilicholetwa kutoka Stovall. Tangu mwaka 2006 jimbo la Mississippi linasimamisha vibao barabarani, makaburini na mashambani kueleza nani aliimba pale. Cha kwanza kiliwekwa Holly Ridge, penye kaburi la Charley Patton. Vimekwisha kupita 200.

Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini mwezi wa Februari 2024 nyumba ya John Hurt karibu na Avalon, iliyokuwa imefanywa makumbusho, iliteketea kwa moto. Ubao na picha viliisha. Namna yake ya kupiga gitaa haikuungua, maana imo katika vidole vya watu wengi waliojifunza kwake na kwa sahani zake.

Mbuzi wa mzee Othar

Katika vilima vilivyo mashariki ya Delta, ngoma haikufa. Hapo watu hupiga ngoma kubwa na ndogo pamoja na filimbi ya mwanzi. Mzee Othar Turner, aliyezaliwa mwaka 1907, alikata mwanzi, akautoboa kwa chuma cha moto, akapuliza. Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, aliwaita jirani katika shamba lake la Gravel Springs, akachoma mbuzi, na ngoma ikazunguka uwanjani mpaka usiku. Hakuwa na shule wala makumbusho. Alikuwa na mbuzi, uwanja, na wajukuu.

Alikufa mwezi wa Februari 2003, akiwa na miaka 95, na siku ile ile akafa bintiye Bernice, aliyekuwa akimsaidia katika kazi hiyo. Watu wangaliweza kusema: yamekwisha. Lakini siku ya maziko mjukuu wake Sharde Thomas, ambaye bado alikuwa mtoto, alitangulia mbele akipuliza filimbi, na ngoma zikamfuata. Mzee alikuwa amemfundisha. Katika miaka iliyofuata Sharde aliendelea kuwaita watu, akachoma mbuzi kama babu yake.

Na kwetu je?

Mkutano ule wa Newport, alipoimba John Hurt mwaka 1963, ulimpokea mtu wetu pia mwaka 1969: Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya katika Katanga. Huyu Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akapiga gitaa na kuimba Kiswahili, naye akamnasa katika sahani. Mwenda alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1990. Kama Hurt, alipiga kwa vidole viwili tu au vitatu, na kama Hurt, sahani ilimfikisha mbali asikojulikana. Tena, mkusanyo mkubwa wa nyimbo alizonasa Tracey watunzwa Afrika Kusini. Twamshukuru aliyeandika daftari. Lakini daftari letu liko mbali na barza zetu.

Ndugu wasomaji, tusidhani kwamba kazi hii ni ya wageni wenye vyombo. Mwaka 1941 chombo cha kunasa sauti kilijaza nyuma ya motakaa. Leo wengi wetu wanacho mfukoni, ndani ya simu. Katika kijiji chako yuko mzee apigaye likembe, yuko mama ajuaye nyimbo za kutwanga na za kumbembeleza mtoto. Nenda umsalimu. Mwombe ruhusa kwa heshima, umnase, uandike jina lake, kijiji chake na maana ya maneno. Usichukue wimbo wake ukauuza bila yeye kupata kitu. Waimbaji wa Delta waliibiwa hivyo vya kutosha.

Kisha fanya jambo la pili, lililo gumu zaidi: mpeleke mtoto wako akae karibu na mzee huyo, ajifunze kwa mikono. Maana daftari huhifadhi sauti, lakini halipulizi filimbi. Siku mzee atakapochukuliwa kwenda kuzikwa, je, mbele ya jeneza lake atakuwapo mtoto mmoja mwenye kuujua wimbo?