Kutoa kosi ya batri: jaribio la wakati wa dinamo

Kama gari halichaji, lipeleke kwenye garaji nyingi za kwetu Butembo, utaona kitu kile kile. Fundi anawasha moteri, anachukua ufunguo wa 10, anatoa kosi ya batri wakati moteri inanguruma. Moteri ikiendelea, anasema: alternateri iko muzima. Ikizimika, anasema: imekufa. Sekunde kumi, hukumu imetoka, na mwenye gari anaanza kutafuta pesa.

Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, si wa waya. Lakini mazao yanapanda gari, na gari likikataa, agronomu ndiye anaulizwa na wakulima viazi vyao viko wapi. Basi nikatafuta jaribio hili lilitoka wapi.

Batri ya risasi na asidi ni mzee kuliko gari lenyewe. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859. Mwaka 1871 Mbelgiji Zénobe Gramme, ambaye alianza maisha kama fundi wa mbao (wenye kudharau mafundi wasome hapa mara mbili), alionyesha dinamo yake kwenye Akademia ya Sayansi ya Paris. Ilikuwa mashine ya kutoa umeme unaoenda upande mmoja tu, tena kwa utulivu. Lakini magari ya kwanza hayakuwa na haja kubwa ya vitu hivyo viwili pamoja. Taa zilikuwa za gesi ao za mafuta, na moteri iliwashwa kwa manivela, kwa nguvu ya mkono.

Mwaka 1912 mambo yakageuka. Cadillac ilitoka na demareri ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Toka hapo batri ikawa inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi kila asubuhi, na lazima kitu kiirudishie. Dinamo ikawa kiungo cha gari, ikizungushwa na moteri kwa mukaba. Batri ni gala. Dinamo ni shamba. Gala halizai kitu.

Dinamo ilikuwa na ugonjwa wake. Umeme wote mzito ulizaliwa ndani ya sehemu inayozunguka, kisha ukatolewa kupitia makaa madogo, yale mafundi wanaita sharbo. Kwa hiyo haikuweza kuzungushwa mbio sana bila kuharibika, na moteri ikitembea polepole ilitoa kidogo sana. Gari likisimama na taa zinawaka, batri inakula akiba yake. Tena moteri ikizimika, umeme wa batri ungeweza kurudi nyuma na kuunguza dinamo, ndiyo maana waliweka kasanduku ka pembeni kenye visumaku vya kufunga na kufungua njia.

Jibu lilikuwa kugeuza kila kitu. Katika alternateri, umeme mzito unazaliwa kwenye waya zilizosimama, na kinachozunguka ni sumaku ya umeme inayohitaji mkondo mdogo tu. Inaweza kuzunguka mbio zaidi, inachaji hata moteri ikiwa chini. Shida ilikuwa moja: umeme wake unaenda na kurudi, na batri haipokei umeme wa namna hiyo. Wazo lilingoja diodi za silisiyo, vipande vidogo vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Zilipopatikana kwa bei ya kufaa, Chrysler iliweka alternateri kwenye Valiant ya mwaka 1960. Wengine walichelewa. Volkswagen Coccinelle iliendelea na dinamo mpaka miaka ya 1970. Land Rover nayo ilifanya alternateri kuwa kitu cha kawaida kwenye Series III, mwaka 1971.

Sasa rudini kwenye kosi ya batri. Kwenye gari la petroli lenye dinamo, jaribio lile lilikuwa na akili fulani. Buji zinahitaji umeme. Ukitoa batri na moteri ikaendelea, basi dinamo inalisha buji. Ungeweza kuunguza balbu, lakini dinamo haina diodi ya kufa. Fundi aliyejifunza hivyo alimfundisha kijana wake, kijana akamfundisha wake. Gari lilibadilika chini ya boneti, mkono ukabaki na desturi yake.

Kwenye alternateri, batri ni kama mto unaopokea pigo. Ukiitoa ghafula wakati alternateri inatoa mkondo mkubwa, ile sumaku inayozunguka haiwezi kuzimika papo hapo. Volti zinaruka, kwa sehemu ndogo ya sekunde zinaweza kupita 60 kwenye gari la volti 12. Diodi ao regilateri inaungua, na kwenye magari ya sasa hata kompyuta ya moteri inaweza kwenda nayo. Yaani jaribio lenyewe linaua kile lilikuja kupima. Na kwa gari la zamani la mazutu, lenye pompi ya mekaniki na kamba ya kuzimia, halisemi kitu kabisa: moteri hiyo haiombi umeme ili iendelee. Alternateri inaweza kuwa maiti, moteri inaimba tu.

Pikapu tuliyokuwa tunakodi kuleta viazi kutoka Masereka ilikuwa ya namna hiyo. Asubuhi baridi ya kule juu ilikuwa inaishinda, tunaisukuma. Garaji ya kwanza ilitoa kosi, moteri ikaendelea, wakasema alternateri ni muzima, ununue batri. Mwenye gari akanunua. Miezi miwili, batri mpya nayo ikalala. Batri ya risasi ikiachwa nusu tupu siku nyingi inaota fuwele ngumu ndani, na haipokei tena vizuri. Akanunua nyingine. Siku moja shofere alishuka usiku na taa zinazofifia, kijana ameketi juu ya magunia akimulika barabara kwa tochi ya simu. Kule kuna makorongo ambayo sitaki kuyaelezea.

Fundi aliyetutoa pale ni papa mmoja anayetengeneza redio na panelo za jua. Alikuja na multimetri, hakutoa kosi yoyote. Moteri imezimwa: batri 12,1, wakati iliyojaa vizuri inatoa karibu 12,6. Moteri imewashwa, taa zimefunguliwa: 12,3. Ingepaswa kuwa kati ya 13,8 na 14,5. Kisha akaweka ncha moja kwenye mwili wa alternateri na nyingine kwenye hasi ya batri. Ingepaswa kuwa karibu sifuri. Alipata zaidi ya volti nzima. Waya wa masi, unaounga moteri na batri, ulikuwa umeliwa na kutu chini ya boloti.

Akaniambia: «Agrono, batri yenu haina makosa. Njaa njo inaiuwa.»

Akasugua, akakaza. Ikapanda mpaka 13,2, ikakataa kuendelea. Diodi moja ilikuwa imeungua. Ilikufa lini, hakuna anayeweza kuapa, lakini kosi ile ilikuwa imetolewa mara tatu katika garaji mbili, na mimi nina mawazo yangu. Kubadilisha diodi na masi kulitoka chini ya bei ya nusu ya batri moja.

Jambo jingine alinionyesha, nalo ni mabaki ya historia hiyo hiyo. Taa nyekundu yenye picha ya batri, mbele ya shofere: ukigeuza ufunguo bila kuwasha moteri, lazima iwake. Isipowaka, wengi wanafurahi. Kumbe kwenye alternateri nyingi mkondo wa kwanza wa kuamsha sumaku unapitia balbu hiyo; balbu ikiungua, alternateri inaweza kuzunguka mchana kutwa bila kuanza kazi. Balbu ya bei ya mkate.

Kisha angalia mukaba ukaze, kosi ziwe safi, na upime volti moteri ikitembea. Multimetri ndogo inapatikana sokoni. Mwenye pikapu amenunua yake, inakaa ndani ya boksi ya mbele pamoja na karatasi za gari, na fundi akishika ufunguo wa 10 moteri ikiwa inanguruma, shofere anazima kwanza.