Barazani kwa Bibi Trowell: Asili ya Ualimu wa Sanaa Makerere

Kila ajifungaye kibwebwe leo kutafuta shahada ya uzamili katika ualimu wa sanaa, awe Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, anarithi mas'ala yaliyoanza kabla yeye hajazaliwa, nayo ni haya: je, kazi ya mwalimu wa sanaa ni kumtia mwanafunzi maarifa asiyokuwa nayo, ama ni kuyatoa yale aliyokwisha kuwa nayo moyoni? Katika Afrika ya Mashariki jawabu moja mashuhuri lilitolewa mwaka 1937, barazani pa nyumba moja mjini Kampala, ambapo Margaret Trowell, mke wa tabibu Mwingereza, aliwakusanya vijana akaanza kuwafundisha kuchora.

Bibi huyu alikuwa amesoma uchoraji katika chuo cha Slade, London, kisha akasomea ualimu kwa Marion Richardson, na ilimu hiyo ya pili ndiyo iliyomfaa zaidi alipofika huku. Richardson hakutaka mwanafunzi awekewe chombo mezani akinakili. Aliwaamuru wanafunzi wafumbe macho, akawasifia mandhari kwa maneno matupu, taratibu, mpaka kila mmoja aione taswira yake mwenyewe nafsini, ndipo akamate brashi. Bibi Trowell aliichukua desturi hiyo akaitumia kwa vijana waliolelewa katika hadithi na masimulizi, ambao kusikiliza na kuona kwa jicho la moyo halikuwa jambo geni kwao. Na mwaka 1939, miaka miwili tu baada ya kuanza, kazi zao zikaonyeshwa London.

Miongoni mwa waliotoka katika mafunzo hayo ni Gregory Maloba wa Kenya, ambaye sanamu yake ya uhuru, mama amwinuaye mtoto juu, imesimama Kampala tangu 1962. Yuko pia Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, ambaye mimi namhesabu kuwa ushahidi bora kuliko wote wa njia hiyo. Ntiro alisoma Makerere, chuo kilicholipokea darasa la Bibi Trowell, akaenda Slade mwaka 1952, akarudi kufundisha palepale alipofundishwa. Na ijapokuwa alikaa miaka mitatu mbele ya walimu wa Ulaya, aliporudi aliendelea kuchora Wachagga wakilima, wakivuna, wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Picha hiyo ya mwisho ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru, mwalimu huyu wa kuchora ndiye aliyepelekwa London kuwa balozi.

Hata hivyo haifai kumsifu Bibi Trowell bila ya kuweka mpaka. Kwa kuhofu kwamba mbinu za Ulaya zingeliua kipaji cha Mwafrika, alijizuia kuwafunulia wanafunzi mengi waliyostahiki kuyajua, na huko ni kumwamulia mtu mzima kiasi cha ilimu impasayo. Alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd aliyemfuata aliufungua mlango huo, akasomesha historia ya sanaa ya ulimwengu na taaluma ya rangi. Nami naona Todd alikuwa na haki katika hilo, ila neno la Richardson la kufumba macho kwanza halikupaswa kuachwa, kwani Elimo Njau, mwanafunzi mwingine wa Bibi Trowell, aliyeupamba ukuta wa kanisa la Murang'a kwa maisha ya Masihi katika mandhari ya Kikuyu, alipata nguvu zake humo.

Nawasihi basi wanaokusudia kuandika tasnifu katika fani hii waanze na wazee hawa kabla ya kukimbilia vitabu vya mbali: wazitazame picha zenyewe, wawatafute waliofundishwa nao ambao wangali hai, wawaulize mwalimu aliingiaje darasani, alisema nini, alinyamaza wapi, na waandike hayo kwa Kiswahili ili mwalimu wa shule ya msingi naye apate kuyasoma.