Kaa wa nyumba ya kupanga: kila aina na mtaa wake

Umewahi kuokota ganda la konokono ufukweni, ghafla likatoa miguu? Huyo si konokono, ni kaa. Tumbo lake ni laini, halina gamba la kulikinga, ndiyo maana anaishi ndani ya ganda aliloachiwa na konokono aliyekufa.

Kaa hawa hawakai popote tu. Mfano mzuri ni hori la Mida, karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi, Kenya. Hapo bahari inaingia ndani ya nchi na kuzungukwa na mikoko.

Nani anaishi wapi?

- Kwenye mikoko: *Clibanarius laevimanus*. Maji yakipwa, hukusanyika makundi makubwa kwenye mizizi.
- Kwenye matope na mikondo ya maji: *Clibanarius longitarsus*.
- Nchi kavu: *Coenobita rugosus* hupenda mchanga wa ufukweni, *Coenobita cavipes* hukaa zaidi upande wa mikoko. Hawa hubeba maji kidogo ndani ya ganda ili wasikauke, na majike hurudi baharini kuachia mayai.

Nini kinawagawa?

Kwanza ni kupwa na kujaa kwa maji. Pili ni ardhi: tope, mchanga au mwamba. Tatu ni maganda yanayopatikana. Kwenye mikoko, tondo akifa huacha ganda kubwa na imara. Kaa akikua lazima ahamie ganda kubwa zaidi, na lile la zamani humfaa mdogo wake. Ganda moja likiondolewa, foleni nzima inakwama.

Shida iko wapi?

Sisi tunaokota maganda kama pambo, halafu tunaacha plastiki. Kaa wengine wa nchi kavu wameonekana wakiishi kwenye vifuniko vya chupa. Kibaya zaidi, huingia kwenye chupa na kushindwa kutoka. Watafiti waliochunguza visiwa vya Cocos, vya Australia, na kisiwa cha Henderson katika Pasifiki walikadiria kaa wapatao 570,000 wamekufa hivyo. Na harufu ya aliyekufa huwaita wengine, wakidhani kuna ganda limebaki wazi.

Kwa hiyo ukiona ganda zuri ufukweni, liache hapo hapo, hata kama ni tupu. Chupa ndiyo ya kuokota.