Ritani ya Sufuri Iliyonitokea Puani: Ushuru kwa Aliyejiajiri

Kila ikifika Juni napigiwa simu na vijana wa mtaani, swali ni lile lile: "Kaka, mimi nina kakazi kangu kadogo, nifaili nini KRA?" Nimechoka kurudia kwa simu, leo nayaandika hapa. Najua wengi mnasoma mkiwa saiba na dakika zinahesabiwa, kwa hivyo mwenye haraka aruke kisa changu aende kwenye hesabu. Ila asije akalia baadaye.

Mimi nachora nembo na kutengeneza tovuti hapa Mombasa. Sina ofisi wala mfanyakazi, ni mimi na laptopu yangu. Miaka ya mwanzo niliona ushuru ni mambo ya wenye magari. Ikifika Juni naingia saiba, nampa jamaa wa kaunta shilingi 200, ananiuliza, "Umeajiriwa?" Namjibu sijaajiriwa. Anabonyeza bonyeza, anachapa karatasi: ritani ya sufuri. Naikunja, natia mfukoni, nimemalizana na serikali.

Kumbe nilikuwa nimesema uongo, tena kwa maandishi. Kutoajiriwa si kukosa mapato! Ritani ya sufuri ni ya mtu ambaye mwaka mzima hakupata chochote cha kutozwa: mwanafunzi, aliye nyumbani anatafuta kazi. Ukiuza, ukitengeneza, ukilipwa, hiyo si ritani yako.

Mwanzoni mwa 2025 nikapata kazi ya shilingi 85,000. Wakaniambia lete cheti cha KRA kuonyesha uko sawa na ushuru. Cheti hicho ni bure, unakiomba kwenye iTax. Kuingia, nywila imekataa. Naomba nyingine, mtambo unasema imetumwa kwa barua pepe... ambayo si yangu! Ni ya yule jamaa aliyenifungulia PIN zamani. Na saiba yenyewe ilishafungwa, pale sasa panauzwa viazi karai. Ikabidi niende Huduma Centre na kitambulisho, wakanibadilishia barua pepe, ndipo nikaingia.

Humo ndani ndimo nilimoyaona. Mwaka 2022 na 2023 kuna wateja walinikata asilimia 5 ya malipo na kuipeleka KRA kwa jina langu. Vyeti vimejipanga safu. Yaani upande mmoja serikali ina karatasi za kwamba nimelipwa, upande wa pili ina karatasi yangu inayosema sikupata hata ndururu. Kazi ya 85,000 ikaenda kwa mtu mwingine, siku za kungojea mambo yangu yanyooke hawakuwa nazo.

Sasa haya makato ya asilimia 5 muyaelewe, maana wengi hudhani ndiyo ushuru wenyewe umeisha. Haujaisha. Kampuni au shirika likikulipa kwa kazi ya kitaalamu, ushauri au mafunzo, na malipo ya mwezi yakifika shilingi 24,000, linatakiwa kukata asilimia 5. Hiyo ni pesa yako iliyotangulia, kama amana. Ukifaili ritani ya kweli unaipunguza kwenye ushuru unaodaiwa, na ikizidi unaweza kuomba urudishiwe. Mimi kwa ritani zangu za sufuri nilikuwa nimeiacha tu imelala huko. Kwa hivyo kila ukikatwa, dai cheti.

Haya, njia ziko mbili, na usichanganye.

Ya kwanza ni TOT, ya mwenye kuuza bidhaa au huduma za kawaida: mitumba, chakula, kinyozi. Mauzo yako ya mwaka yakiwa kati ya milioni 1 na milioni 25, tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote (kati ya 2020 na hapo ilikuwa asilimia 1). Ni ya mauzo, si ya faida, gharama hazitolewi. Dadangu anauza nguo za watoto, akiuza za 150,000 kwa mwezi analipa 4,500, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi mbaya ambao hakupata faida bado analipa, na hapo kwa kweli namhurumia. Sheria inaruhusu mtu kuomba kutoka TOT aende ushuru wa kawaida, na kama faida yako ni nyembamba fanya hesabu kabla ya kukubali tu.

Ya pili ni ushuru wa mapato wa kawaida, na ndiyo yetu sisi wa kazi za kitaalamu, kwa sababu malipo ya kitaalamu na ya mafunzo hayaingii TOT. Hapa unatoa gharama kwanza. Nawawekea hesabu ya mfano kwa viwango vya mwaka 2024.

Umelipwa 720,000 kwa mwaka mzima. Gharama (bando, umeme, kukodi meza, kutengeneza mashine) ni 240,000. Faida 480,000. Shilingi 288,000 za kwanza unatozwa asilimia 10, yaani 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, yaani 25,000. Zilizobaki 92,000 asilimia 30, yaani 27,600. Jumla 81,400. Toa nafuu ya kila mkaazi ambayo ni 28,800 kwa mwaka, inabaki 52,600. Kama katika zile 720,000 kuna 400,000 zilizokatwa asilimia 5, una cheti cha 20,000, kwa hivyo unadaiwa 32,600. Basi!

Mtaona pia kwamba mwenye faida isiyozidi 288,000 hadaiwi kitu, nafuu inameza yote. Lakini bado anaandika mapato yake. Kuandika mapato halafu ushuru utoke sufuri ni jambo moja, kuandika huna mapato ni jambo jingine kabisa.

Tarehe ndizo zinanasa watu. Ritani inafailiwa kati ya 1 Januari na 30 Juni, ila ushuru wenyewe wa mwaka uliopita unatakiwa uwe umelipwa kufikia 30 Aprili. Wengi hungoja Juni walipe vyote, na tayari wana faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kuchelewa kufaili, kwa mtu binafsi, ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Na ushuru wako wa mwaka ukizidi 40,000, unatakiwa kulipa kwa awamu nne: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba.

Risiti za kuandika kwenye daftari nazo zimepitwa. Tangu Januari 2024 mwenye biashara anatakiwa kutoa ankara ya eTIMS, na kujisajili ni bure. Wasio na kompyuta hutumia *222# kwenye simu. Mteja wa kampuni bila ankara hiyo hawezi kuhesabu malipo yako kama gharama yake, ndiyo sababu wanakukwepa. Na wewe pia, gharama zako ziombee ankara hizo, kisha weka rekodi miaka 5. KRA ilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia Januari 2026 inalinganisha unachoandika kwenye ritani na rekodi za eTIMS na za makato. Yule jamaa wa "bonyeza bonyeza" hatakuokoa tena.

Mimi nilitokaje? Nilirekebisha ritani za 2022 na 2023, iTax ina sehemu ya kufanya hivyo, nikaandika mapato halisi na kuweka vile vyeti. Wakati huo kulikuwa na msamaha wa faini na riba kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023, uliofungwa 30 Juni 2025. Nililipa ushuru wenyewe kwa mafungu matatu, faini ikafutwa. Msamaha ule umeisha. Leo ukirekebisha utalipa na riba, lakini ni afadhali mara mia kuliko kungoja wakupate, maana sheria inaweka adhabu ya asilimia 75 ya ushuru uliopungua kwa aliyedanganya kwa kusudi, na asilimia 20 kwa asiyekusudia.

Ukiwa hapo hapo saiba sasa hivi, ingia iTax uangalie barua pepe iliyoandikwa kwenye PIN yako ni ya nani. Ukimaliza utoke kabisa, usiache ukurasa wazi. Mwenye swali aandike hapo chini nitamjibu, ila tafadhali usiweke PIN yako kwenye maoni.