Sisti ya dinoflajelata

*nm [i-/zi-]* Ganda gumu ambalo seli ya dinoflajelata hulijenga ndani ya gamba lake inapoingia katika hatua ya kupumzika. Ganda hilo hilo likiwa kisukuku katika miamba.

Dinoflajelata ni viumbe vya seli moja, wengi wao wa baharini. Jina limeungwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuzunguka kwa kasi na neno la Kilatini lenye maana ya mjeledi, kwa kuwa seli ina mijeledi miwili inayoifanya ijizungushe inapoogelea. Mfasiri asiunganishe *dino-* hii na ile ya dinosaria. Ile hutokana na neno jingine la Kigiriki, lenye maana ya kutisha. Onyo hili si la bure, maana tabaka za Tendaguru mkoani Lindi, mashuhuri kwa mifupa ya dinosaria, zimetoa pia sisti za dinoflajelata za mwisho wa Jurasiki na mwanzo wa Kretasia, na maneno hayo mawili huweza kukutana katika aya moja.

Kuhusu upatanisho, seli hai inayoogelea hufuata a-/wa- kama viumbe wengine (dinoflajelata huyu anaogelea), ilhali sisti, iwe mbichi au kisukuku, hufuata i-/zi- (sisti hii imepasuka). Tofauti hiyo inafaa kulindwa, kwa sababu inamwonyesha msomaji papo hapo ni hatua ipi ya maisha inayozungumziwa.

Tafsiri ya *uvimbe*, inayofaa zahanati, haina nafasi hapa: sisti hii si ugonjwa. *Kifuko* kina haki zaidi, kwani neno la asili la Kigiriki lilimaanisha kibofu au mfuko; lakini kifuko kimekwisha kubebeshwa mizigo mingi katika anatomia, kuanzia nyongo hadi mbegu. Ndiyo maana tunapendekeza *sisti*.

Anatomia yake haieleweki bila kuanza na seli inayoogelea. Katika jamii zinazohusika zaidi na visukuku, seli hiyo huvikwa gamba la mabamba ya selulosi. Mfuo wa mlalo, uitwao *mshipi*, huizunguka kiunoni na kubeba mjeledi mmoja. Mfuo wa wima, *mtaro*, hubeba mwingine. Mabamba hupangwa kwa safu kutoka kileleni hadi kitakoni na hupewa namba kwa utaratibu alioupendekeza Charles Kofoid mwanzoni mwa karne ya 20. Sisti hujengwa ndani ya gamba hilo. Baadaye gamba huachana na kuoza, na kinachosalia ni ukuta wa sisti, wa dutu ya kikaboni iitwayo dinosporini, sugu kiasi kwamba wataalamu huyeyusha mwamba kwa asidi ya hidrofloriki nao ukabaki.

Hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Sisti haina mabamba. Ina *alama za mabamba*: matuta, mishono au mpangilio wa miiba unaoakisi gamba lililokwisha kutoweka. Anayeandika "mabamba ya sisti" amekosea anatomia, wala si msamiati peke yake.

Alama iliyo muhimu kuliko zote ni *lango*, yaani uwazi ambao seli hutokea inapoamka. Jina la kitaalamu, arkeopaili, lina ndani yake neno la Kigiriki la lango, hivyo Kiswahili hakijapoteza kitu. Kipande kinachobanduka ni *kifuniko*. Lango halijitokezi popote tu. Umbo lake hufuata bamba moja au zaidi la gamba. Katika oda ya Gonyaulacales mara nyingi hulingana na bamba la tatu la safu iliyo juu ya mshipi. Katika Peridiniales mara nyingi ni bamba la kati lililo juu zaidi, karibu na kilele.

Lango ndilo lililomaliza mzozo mrefu. Christian Ehrenberg aliona visukuku hivi ndani ya gumegume katika miaka ya 1830, lakini vile vyenye miiba alivihesabu kuwa mwani wa aina nyingine. Karne moja baadaye viliwekwa katika kundi lililopewa jina kutokana na nungunungu, jina zuri lisiloeleza asili. Mwaka 1961 William Evitt alionyesha, kwa ushahidi wa lango na alama za mabamba, kwamba vingi kati yake ni sisti za dinoflajelata. Vile ambavyo asili yake haikuthibitika viliitwa akritaki mwaka 1963. Jina lenyewe lina maana ya asili isiyojulikana. Akritaki kwa hiyo si kisawe cha sisti, ingawa vitabu vya zamani huvichanganya.

Kwa umbo, sisti hugawanywa kwa kutazama uhusiano wake na gamba. *Sisti jirani* ilikaribiana na gamba na hulifanana. *Sisti ya miiba* ilijitenga nalo, ikaacha miiba ikijaza nafasi. *Sisti ya uvungu* ina kuta mbili zilizoachana. Haya ni majina ya maumbo. Uainishaji wa kinasaba hutegemea mabamba na lango, na sisti mbili za miiba zaweza kuwa za familia zilizo mbali.

Majina ya Kilatini yasitafsiriwe wala yasisahihishwe. *Spiniferites* ni jenasi ya visukuku, na baadhi ya sisti zake hutoka kwa viumbe ambao, wakiwa hai na kuogelea, huitwa *Gonyaulax*. Mwanabiolojia alitaja seli, mwanajiolojia akataja ganda, na kanuni za kutaja mimea na mwani zinaruhusu majina yote mawili. Mhariri akikutana nayo katika matini moja, ayaache.